Wahusudu, lakini hesabu rangi zao

Swali: Shikamoo mzee. Nina miaka 24, nafanya kazi ya grafiki kwenye duka la uchapaji Kariakoo: kadi za harusi, vipeperushi, stika, mabango. Usiku nikirudi Mbagala natazama kazi za studio kubwa za nje, Pentagram, Experimental Jetset na wengine, mpaka bando linaisha. Nikijaribu kufanya kama wao, mteja ananiambia mbona pamebaki wazi, nijazie maua. Na hata akikubali, kazi ikitoka mashineni haifanani na niliyoiona kwenye kompyuta. Je, najidanganya? Mtu wa Kariakoo anajifunza nini kwa watu hawa bila kuishia kuwanakili?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hujidanganyi hata kidogo. Mimi nami nilianza hivyo hivyo, ila enzi zetu hapakuwa na bando. Tulikuwa na majarida ya kigeni yaliyochakaa, ya kununua chini barabarani, nusu ya kurasa zimechanwa, na tuliyapokezana mpaka majalada yakaachia. Huenda hiyo ndiyo nafuu tuliyokuwa nayo kuliko ninyi: tulizishika zile kazi mkononi. Wewe unazitazama kwenye kioo cha simu, na kioo kinakupa umbo tu. Hakikwambii karatasi ilikuwa ya gramu ngapi, wino ulipita mashineni mara ngapi, mkunjo uliangukia wapi. Kwa hiyo kila ukiona kazi ya kuhusudu, kabla hujaipenda sana, hesabu. Rangi ngapi? Aina ngapi za herufi? Saizi ngapi? Nakuhakikishia utashangaa jinsi hesabu inavyokuwa ndogo.

Tuanze na hao wa Amsterdam. Experimental Jetset ni watu watatu, Marieke Stolk, Erwin Brinkers na Danny van den Dungen, wako pamoja tangu 1997. Mwaka 2001 walitoa fulana yenye majina manne ya Beatles, John, Paul, Ringo na George, kila jina kwenye mstari wake, na alama ya & ikiyaunganisha, kwa herufi za Helvetica. Basi. Hakuna picha ya gitaa, hakuna sura ya mtu. Sasa tembea mtaa wa Kongo siku ya Jumamosi uone ni fulana ngapi zimevaa muundo huo: majina ya watoto wa familia, majina ya wachezaji, hata nyama, ndizi, bia na muziki. Wengi waliozichapa hawajawahi kusikia jina la studio. Umbo limezunguka dunia bila baba yake.

Ila wao wenyewe hawakukaa kwenye fulana ile. Makumbusho ya Whitney ya New York yalipokuwa yanajiandaa kuhamia jengo jipya, mwaka 2013 hao watatu waliyachorea utambulisho ambao nembo yake ni herufi W ya mstari mwembamba, na mstari huo haukai namna moja. Unajinyoosha au kujibana kufuata nafasi iliyobaki kando ya picha au maandishi. Bango likiwa refu, W inarefuka. Kipeperushi kikiwa chembamba, W inajikunyata. Walichowapa Whitney ni kanuni ya kuchora, na mchoro unazaliwa upya kila mara. Ukiinakili ile W umechukua ganda. Ukiisoma ile kanuni, unaweza kuitumia kwenye menyu ya mama lishe wa Ilala.

Na kama kanuni ya namna hiyo unaiona ngeni, nenda kafungue kabati la mama yako utoe kanga. Tazama kama fundi, usitazame kama mtoto wa nyumbani. Pindo linazunguka pande zote nne. Ndani yake kuna mji, yaani uwanja wa kati wenye michoro. Ndani ya mji, chini katikati, juu kidogo ya pindo, kuna jina. Kanga moja ina korosho, nyingine nanasi, nyingine vidoto vitupu. Jina moja la mafumbo kwa jirani, jingine la kumshukuru mama. Vinabadilika vyote, lakini mpangilio hauguswi, na ndiyo maana unaijua kanga ukiwa ng'ambo ya barabara kabla hujasoma neno. Na rangi ni chache, kwa sababu kila rangi inataka skrini yake au rola yake, na kila skrini ni gharama. Waliokuwa wakichapa kanga pale Urafiki, Ubungo, kiwanda kilichofunguliwa 1968, walikuwa wanafanya kazi ndani ya mipaka ile ile ambayo studio za Uholanzi leo zinajiwekea kwa hiari. Wazee wetu walibanwa na gharama, hawa wanajibana wenyewe.

Hata daladala. Mstari wa rangi ubavuni unakupa njia ya gari kabla hujaweza kusoma kibao cha mbele. Mtu asiyejua kusoma kabisa anapanda gari sahihi. Hiyo ni kazi ya utambulisho, na haina jina la mchoraji chini yake.

Pentagram ni jambo jingine, na nadhani wengi mnaipenda kwa sababu isiyo yenyewe. Mnaona nembo. Mimi navutiwa na jinsi walivyojipanga. Ilianzishwa London 1972 na watu watano: Alan Fletcher, Colin Forbes, Kenneth Grange, Theo Crosby na Mervyn Kurlansky. Grange alikuwa mbunifu wa bidhaa, Crosby msanifu wa majengo, waliobaki wa grafiki. Hawakuweka bosi mmoja juu. Kila mbia ana timu yake ndogo na wateja wake, na mteja anakaa mezani na yule yule anayechora. Hakuna karani wa kati anayekuja kukwambia 'wamesema ikolezwe kidogo'. Fikiria sasa: wewe pale dukani, mteja amekaa kwenye stuli pembeni yako, kidole chake kimeacha alama ya mafuta ya chapati kwenye kioo cha kompyuta, anakwambia, "Hapa weka ua, hapa weka pete mbili, jina la baba mkwe liwe kubwa." Unalalamika. Lakini hiyo nafasi ya kumsikia mwenye shughuli mwenyewe, ana kwa ana, kampuni nyingi kubwa hazina tena.

Hapo ndipo lilipo jibu la 'mbona pamebaki wazi'. Kwanza, ondoa wazo kwamba kazi nzuri ni kazi yenye pengo. Paula Scher, aliyeingia Pentagram ya New York 1991, alichora utambulisho wa Public Theater, jumba la michezo ya kuigiza la huko huko New York, mwaka 1994 kwa herufi zilizotokana na chapa za zamani za mbao, nene kwa nyembamba, na mabango yake ya maonyesho amejaza maneno mpaka pembeni, mengine yamelala, mengine yamesimama wima. Ni kelele tupu, kelele iliyopangwa. Mtindo ule ulipendwa mpaka matangazo ya mji mzima yakaanza kufanana nao. Kwa hiyo mteja wako anayetaka pajae si mshamba. Yuko upande wa Scher, wewe uko upande wa Amsterdam. Mnachogombania ni ladha, na ladha haigombaniwi mbele ya mteja anayesubiri kadi zake saa kumi jioni.

Muulize swali moja tu: mgeni akiipokea hii kadi, aone nini kwanza? Chukua kadi ya mchango. Ina majina ya wazazi, jina la bwana harusi, tarehe, ukumbi, namba ya mweka hazina, jina la namba hiyo ili pesa zisipotee, na siku ya mwisho ya kuwasilisha. Mimi najua, na wewe unajua, kitu cha kwanza ni namba ya mweka hazina na siku ya mwisho. Lakini kwenye kadi nyingi namba hiyo ni ndogo kuliko ua. Ikuze. Iwe kubwa mpaka ijaze robo ya kadi, kwa herufi nene, peke yake. Mteja hatakwambia pamebaki wazi, kwa sababu pamejaa kitu anachokihitaji. Mwenyekiti wa kamati atakushukuru zaidi yake. Majina ya wazazi weka juu, saizi moja, bila kumbagua wa upande wa pili. Hapo ndipo harusi huvunjika, si kwenye fonti.

Na ua? Weka moja. Lichore vizuri.

Sasa mashine. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninyi vijana mnapoumia na hamna wa kuwaambia.

Mwaka mmoja nilipewa kalenda ya shule, nakala 2,000. Rangi ya shule ni buluu iliyokolea, ya sweta zao. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa buluu tamu. Ilikuwa Desemba, kila mtu ana haraka, nikapeleka faili kwa mchapaji bila kuomba karatasi ya majaribio. Zilipotoka, zambarau. Mwalimu mkuu aliichukua moja, akaipeleka dirishani, akaigeuza kwenye mwanga, halafu akaniuliza kwa upole kama kuna shule nyingine nimeichanganya na yake. Nililipa nusu ya gharama ya kuchapa upya, na nilistahili.

Kilichotokea ni hiki. Kompyuta inachanganya mwanga: nyekundu, kijani, buluu. Mashine inachanganya wino: sayani, majenta, njano na nyeusi. Kuna rangi za mwanga ambazo wino hauzifikii kabisa, hasa buluu kali, kijani cha kung'aa na chungwa la moto. Halafu mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa nimeweka sayani 100 na majenta 100. Hizo mbili zikilingana hazikupi buluu, unapata zambarau. Ukitaka buluu ibaki buluu, majenta iwe chini ya sayani kwa asilimia 30 au zaidi. Sayani 100 na majenta 65 hivi, utalala usingizi. Na anza kazi yako kwenye CMYK, yaani hizo rangi nne za wino, tangu mwanzo, usije ukabadilisha dakika ya mwisho ukashangaa.

Pili, maandishi madogo meusi yawe nyeusi peke yake, 100, bila rangi nyingine chini. Ukiyatengeneza kwa rangi zote nne, karatasi ikicheza hata nusu milimita kati ya pleti moja na nyingine, yale mabati ya kuchapia, moja kwa kila rangi, kila herufi inapata kivuli chekundu, na msomaji anadhani macho yake yameanza kuharibika. Eneo kubwa jeusi ni habari nyingine. Hilo liongezee sayani 40 chini yake, litakuwa jeusi la usiku, si la mkaa uliopigwa jua. Usizidishe, lakini. Jumla ya asilimia za rangi zote nne isipite 300 kwenye karatasi ya kung'aa, na kwenye bondi, karatasi isiyong'aa, shuka zaidi, maana bondi inakunywa wino na vidoto vyake vinavimba. Kila upande ongeza milimita 3 za kukatwa. Hili la mwisho unalijua, lakini nimeona watu wa miaka kumi kazini wakilisahau.

Zile kazi unazozihusudu, nyingi hazikuchapwa kwa rangi nne kabisa. Zimechapwa kwa wino mmoja au miwili iliyokorogwa tayari kwa kipimo, kwa mfumo kama wa Pantone ulioanza 1963. Ndiyo maana ile nyekundu yao imetulia namna ile: haijaundwa kwa vidoto vya majenta na njano, ni nyekundu moja iliyojaa. Mashine za kidijitali hapo mtaani haziwezi hilo. Ukiziletea rangi ya Pantone zinaigeuza kuwa vidoto vya rangi nne. Lakini ukienda kwa mwenye ofseti, mashine ya kuchapa kwa pleti, hata ya zamani, fundi atakukorogea wino kwa kisu cha bapa juu ya bati mbele ya macho yako, atapaka kidogo kwenye karatasi kwa kidole, atakuuliza "Hii?" Utasema bado. Ataongeza njano kidogo sana, kama chumvi ya mchuzi. Na kwa mteja wako hapo kuna hoja ya pesa: rangi mbili ni pleti mbili, rangi nne ni pleti nne. Nakala zikiwa elfu moja na zaidi, hesabu hiyo inaongea kwa sauti kuliko fonti yako yoyote.

Kuna jambo huwa linanichekesha. Studio za Ulaya zimeipenda sana mashine ya Riso, ya Wajapani, iliyotoka miaka ya 1980 kwa ajili ya kudurufu haraka na kwa bei rahisi. Inachapa rangi moja kwa mara moja, ngoma ya wino unaitoa unaweka nyingine, na rangi zikikaa juu ya nyingine hazilingani sawasawa. Watu wanapanga foleni kununua mabango yaliyochapwa hivyo. Mashine hiyo hiyo, mwanangu, ndiyo inayodurufu mitihani ya majaribio ya shule zetu, imefunikwa kitambaa pembeni ya ofisi ya taaluma au kwenye stesheneri za mitaani, ina ngoma moja tu ya nyeusi. Tafuta aliye nayo. Mwombe baada ya saa za kazi, chapa bango lako kwa nyeusi kwenye karatasi za rangi, zile za manila za njano na waridi. Utakuwa na rangi mbili kwa bei ya moja: karatasi yenyewe ni rangi.

Umeniuliza kuhusu kunakili. Nakili, lakini nyumbani, kwa penseli, ili mkono ujue. Chagua kazi moja, ipige mistari, tafuta nguzo zake, yaani safu za maandishi, ziko ngapi, maandishi yameanzia wapi. Ijenge upya kwa ukubwa wake halisi, ichape, ibandike ukutani, usimuuzie mtu. Ukimuuzia mteja nembo iliyofanana na ya mwingine, siku anapokwenda kusajili alama yake BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, ndipo utamjua vizuri, na yeye atakujua.

Baada ya hapo acha studio kwa muda, angalia wanavyofanya kazi kwa mikono. Irma Boom wa Amsterdam, aliyetumia miaka mitano kwenye kitabu kimoja cha kampuni ya SHV kilichotoka 1996, kurasa 2,136 bila namba ya ukurasa hata moja, huwa anatengeneza kwanza vitabu vidogo vya mfano vya kushika kwenye kiganja. Hiyo haitaki umeme. Kabla ya kipeperushi chochote, kunja karatasi, chora kwa kalamu, mpe mtu akifungue, mtazame anaanzia upande gani. Mara nyingi ataanzia upande ambao wewe ulidhani ni wa nyuma.

Karel Martens, Mholanzi mwingine, aliyezaliwa 1939, kwa miaka mingi amekuwa akipaka wino kwenye vipande vya chuma vya kuokota, washa za bolti, bawaba, vyuma vyenye matundu, na kuvigandamiza juu ya kadi za zamani za kumbukumbu za makumbusho. Rangi moja leo, inakauka, nyingine kesho. Nilipoziona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu dakika kumi kutoka unapofanyia kazi kuna Gerezani, na Gerezani washa na vyuma vyenye matundu vinauzwa kwa fungu kama nyanya.

Na usidhani ni Ulaya tu. Garth Walker wa Durban alianza kutoa jarida lake la i-jusi mwaka 1995, na sehemu kubwa ya maswali yake yalikuwa haya haya yako: grafiki ya Kiafrika ikoje, inaanzia wapi? Alikwenda kutazama vibao vya vinyozi na maandishi ya mkono ya mitaani. Saki Mafundikwa alirudi Harare akitoka New York, akafungua shule ya usanifu, ZIVA, 1999, akifundisha maandishi na alama za Afrika zenyewe. Wote wawili walianza na kilichokuwa mlangoni kwao. Mlangoni kwako kuna mafundi wa kuandika kwa brashi, wanaopiga majina kwenye mikokoteni na mabodi ya malori. Wanapungua kila mwaka kwa sababu ya stika. Wapige picha herufi zao, hasa R na g, maana hapo ndipo kila fundi ana mkono wake.

Jumatatu, kabla ya kazi, pita kwa mchapaji yeyote mwenye ofseti. Nenda mapema, saa moja na nusu hivi, kabla kazi za haraka hazijaanza kugongana. Chukua kioo kidogo cha kukuzia, kile cha mafundi saa. Mwombe fundi karatasi zake za kurekebishia mashine, zile zilizopitishwa mara tatu nne na kazi tofauti juu yake, kalenda juu ya lebo ya maji juu ya tangazo la kanisa. Anazitupa au anafutia mikono, hatakunyima. Ziweke chini ya kioo, utaona vidoto vya sayani na majenta vimekaa kwa pembe zake, na utajua kwa macho yako buluu ya mwalimu mkuu ilipotelea wapi. Mletee na chai, lakini usiiweke juu ya mashine.